Ukurasa wa Tisa wa Historia ya Gikuruni

Gikuruni ni kijiji cha nyumba thelathini na moja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Siakago. Mwalimu Ndambiri alikuwa amekiandikia historia katika daftari la shule: vilima viwili, koo mbili, na kijito katikati kama mpaka. Ukurasa wa tisa ulieleza kwamba mafuriko ya 1961 yalikisogeza kijito hatua mia moja na arobaini kuelekea mashariki, yakaupa ukoo wake shamba lisilo lake.

Kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyejali. Kisha, mwaka 1974, wapimaji wa ardhi wakaja.

"Chana huo ukurasa," ndugu yake mkubwa, Kithaka, alimwambia mbele ya kamati ya mipaka, wakiwa wamesimama katikati ya mtama wa shamba hilo. "Usipouchana, nitakuchana wewe."

"Nitachimba hapa, kilipopita kijito zamani," Ndambiri akajibu. "Nikikosa mawe ya mto, nimedanganya."

"Mwalimu ameahidiwa mke ng'ambo ya kijito!" mtu akapaza sauti. Watu wakacheka.

Ndambiri akachukua jembe. Shimo lilipofika magotini, mchanga ukaonekana. Kithaka akamrukia na panga. Pigo la kwanza liliukata mpini. La pili likaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Hapo Ireri, wa ukoo wa ng'ambo, akampiga Kithaka rungu la kisogoni, na alipoanguka akampiga tena, mara mbili. Mtama ukalala chini ya miguu ya watu wa koo zote mbili, waliokatana hadi askari wa chifu alipofyatua risasi hewani.

Ndambiri, akiwa amepiga magoti shimoni, alichomoa jiwe kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa laini na la mviringo, na damu juu yake.

"Ni la mto," mwenyekiti wa kamati akasema. Mpaka ukawekwa hapo.

Kithaka alifariki siku ya tatu. Baada ya mazishi, Ireri alifika kwa mwalimu, akamkuta akiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za darasa la kwanza.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekuokoa."

"Ndiyo. Hilo nimeliandika."

"Na yale mapigo mawili ya mwisho?"

"Nayo pia."

"Chana huo ukurasa, mwalimu."

Ndambiri akaligeuza daftari ili Ireri asome mwenyewe. Jina lake lilikuwa limeandikwa kamili, pamoja na la baba yake.