Vijiti Viwili vya Taa

Shemeji wa mwongoza ndege, dereva wa trekta la mizigo uwanjani hapo, hakuchoka kumtania: "Kazi gani hiyo, kupungia ndege vijiti!"

Usiku mmoja shemeji alizima taa zote za trekta ili asimpofushe rubani aliyekuwa akiingiza ndege maegeshoni. Heshima nzuri, ila trekta lenyewe lilikuwa limevuka mstari mwekundu wa njia ya ndege. Mwongoza ndege akaona bawa linamwendea shemeji kichwani. Akanyanyua vijiti vyake vya taa, akavipishanisha juu ya kichwa: simama! Lile dude la ndege likafunga breki, likainamisha pua, likatulia tuli.

Shemeji akashuka, bawa liko juu ya kiti chake. "Kumbe vijiti..."

"Kumbe nini? Ondoa mkangafu wako wa trekta, shemeji. Ndege nzima inasubiri ruhusa yangu!"