Pazia Mbele ya Pweza

Mama mkwe aliletwa kwenye jumba la samaki kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwachia. Hiyo ndiyo sababu, wala haikuwa nyingine. Baadaye watu walipomsifu Mlishaji kwa busara ya kumtibu mgonjwa kwa kumpeleka kutazama samaki, alikuwa akicheka na kusema, "Busara gani? Dada wa kazi alitukimbia."

Na kweli alikimbia. Kiharusi kilikuwa kimempitia mama mkwe kwa upole, kikamwachia mkono wa kushoto mzito na mguu wa kuburuta kidogo, lakini ulimi hakikuugusa. Kiliuacha kama ulivyokuwa, na pengine kiliunoa. Asubuhi moja dada wa kazi aliambiwa kwamba chai yake inafaa kunawia mikono. Akaweka kikombe mezani, akafunga virago vyake, akaaga kwa adabu zote na hakurudi tena.

Mlishaji lilikuwa jina la kazini. Kazi yake ilikuwa kuwalisha na kuwatunza viumbe wa matangi madogo: farasi wa baharini, kamba, mikunga, pweza. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa mbali, akija nyumbani mwisho wa mwezi na kuondoka kabla nguo zake hazijakauka kwenye kamba. Kwa hiyo mama wa mume alibaki mikononi mwa mke. Mke hakunung'unika, maana siku za kuolewa kwake mama huyu ndiye aliyempokea vizuri kuliko wote, na wema hauozi.

Meneja alikubali, mradi mgonjwa akae mahali pamoja na asiwasumbue wageni. Siku ya kwanza walimkalisha kwenye benchi mbele ya tangi kubwa. Akatazama kundi la samaki wanene likipita, likageuka, likapita tena. Kisha akasema kwa sauti iliyojaza ukumbi, "Mboga yote hii, halafu mnaiangalia tu?"

Wageni walicheka. Meneja naye alicheka, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Kesho yake Mlishaji alimhamishia mama mkwe kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, karibu na alipokuwa akifanyia kazi. Huko ndiko alikokuwa pweza.

Pweza yule aliletwa na watu wa kujitolea waliokuwa wakisafisha ufuo. Walimkuta amejibanza ndani ya kopo la rangi lililotupwa, mnyiri mmoja kati ya mikono yake minane umekatwa na bati, mabaki ya rangi yamemganda mwilini. Makopo yalikuwa mengi pale, pamoja na chupa, kandambili na nyavu mbovu, na kiumbe asiye na gamba hujificha anapopata. Jumba lilimchukua ili apone. Alipewa tangi lenye mawe na chungu cha udongo, na akakipenda kile chungu kama mtu aliyepata nyumba yake baada ya miaka ya kupanga.

"Kumbe ndiye huyu?" mama mkwe alisema Mlishaji alipofunua tangi ili kulisha. Akainama kuchungulia. "Huyu mimi nimempiga juu ya jiwe mpaka akalainika, miaka nenda miaka rudi."

Pweza akanyanyua jicho, akamlenga, akamrushia maji usoni.

Mlishaji aliganda, koleo mkononi. Maji yalimtiririka mama mkwe kwenye kidevu, yakaingia kwenye khanga. Halafu mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu atoke hospitalini.

"Amesikia!" akasema. "Amesikia huyu! Na ana haki."

Kuanzia hapo alimwita Bibie, na asubuhi hakuhitaji kubembelezwa aamke. Hospitali ilikuwa imempa mpira wa kuubana ili mkono upate nguvu. Mpira ule uliishia chini ya kitanda. Lakini kwa Bibie aliupeleka mkono ule ule mzito majini, pweza akauzungushia mnyiri, wakavutana, huyu huku na huyu kule, mama mkwe akimtukana kwa mapenzi: "Niachie, mwizi wewe! Kamba wako huyu hapa, vidole ni vyangu." Kwenye kliniki presha ilianza kushuka. Daktari alisema hajui wanafanya nini huko nyumbani, ila waendelee.

Lakini nyumbani kulikuwa na jambo.

Mama mkwe alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike aliyeishi kwao, mbali. Kila Ijumaa walikuwa wakipigiana simu na kusengenya hadi salio liishe. Mdogo huyo alifariki ghafla wakati mama mkwe yuko hospitalini, kiharusi kikiwa bado kibichi. Mume wa Mlishaji akaenda kumzika mama yake mdogo, akarudi, akamwambia mkewe barazani: "Mama asijue. Presha itamuua. Akipata nguvu tutamwambia."

Wakati ule lilikuwa neno la akili, na Mlishaji alikubali. Nguvu zikaja, lakini kila mmoja akawa anamngoja mwenzake aseme. Simu ya mama mdogo ikasemekana imeingia maji. Kisha ikasemekana amehamia kwa mwanawe, huko hakuna mtandao. Mama mkwe akisikia hayo husema tu, "Haya." Halafu akaacha kuuliza. Mlishaji alishukuru alivyoacha, na akajionea haya kwa kushukuru.

Mvua zilipoanza, Bibie alitaga mayai. Yalining'inia ndani ya chungu kwa vishada, meupe, madogo kama punje za mchele. Alivuta mawe akaziba mdomo wa chungu, akabaki ndani akiyapulizia maji na kuyapangusa. Chakula alikataa.

Daktari wa wanyama alikuja, akamulika tochi, akazima. "Hii ndiyo safari yake ya mwisho," alimwambia Mlishaji. "Pweza jike akishataga hali tena. Atayatunza mpaka yaanguliwe, kisha atakufa. Si ugonjwa huu, wala hakuna dawa."

Mlishaji alijua. Alikuwa ameona pweza wengine. Kilichomtisha ni yule aliyeketi kwenye benchi nje ya mlango. Akampigia mumewe.

"Usimpeleke tena," mume alisema. Nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma. "Mwambie jumba limefungwa."

"Ananiona nikienda kazini kila siku. Limefungwaje?"

"Basi mwambie tangi linatengenezwa. Mke wangu, tafadhali. Yule mnyama ndiye aliyemponya. Akimwona anakufa, si tutarudi tulikotoka?"

Mlishaji akatafuta kitambaa cheusi, akakitundika mbele ya tangi kama pazia. Akamwambia mama mkwe kwamba kioo kina ufa, mafundi wanashughulika, na kwa sasa akae kule kwenye tangi kubwa. Mama mkwe akachukua fimbo yake.

"Haya," akasema.

Siku ile ile Mlishaji alikuwa anasafisha chujio kwenye chumba cha pampu alipomsikia. Kwanza fimbo, kisha mguu ule unaoburutwa, taratibu, kwenye ujia mrefu ambao mama mkwe hakuwahi kuupita bila kushikwa. Alipotoka chumba cha pampu alimkuta amesimama mbele ya tangi, pazia amelishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vizito, lakini havikuachia.

Bibie alikuwa amepauka. Ngozi ililegea, macho yamezama, na bado alikuwa akiyapulizia mayai.

"Ufa uko wapi?" mama mkwe aliuliza.

Mlishaji akaweka chujio chini.

"Huyu anakufa."

"Ndiyo, Mama."

"Analea na anakufa. Kwa nini mmemwekea pazia? Amefanya aibu gani?"

"Tuliogopa presha yako, Mama."

Mama mkwe aliachia kitambaa, akaomba kiti. Akakaa siku ile nzima, na siku zilizofuata. Alimpelekea kamba kwa koleo. Bibie akamsukuma kamba kando kwa ncha ya mnyiri, bila hasira. "Sawa," mama mkwe alimwambia, "sikulazimishi." Wageni walipogonga kioo aliwakemea kama mtu aliyeko kwenye chumba cha mzazi aliyetoka kujifungua. Mlishaji alimpima presha asubuhi na jioni kwa mashine ndogo ya nyumbani, akingoja mabaya. Haikupanda.

Mayai yalipoanguliwa vilitoka vipweza vidogo mno, vikiruka majini kama chembe za vumbi kwenye mwanga wa dirisha, kila kimoja na macho yake mawili. Bibie alitoka chunguni, akajilaza kwenye changarawe. Mchana wake alikuwa amekufa.

Mama mkwe alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Alilia kidogo, kwa utulivu. Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Na mdogo wangu je?"

Mlishaji aliacha kufuta kioo.

"Usinijibu habari za mtandao," mama mkwe aliendelea. "Siku ile nilipoliona pazia hili nilijua. Nilisema, hawa watoto wana pazia lingine nyumbani. Nilikuwa nangoja huyu amalize, maana siwezi kulia misiba miwili kwa pamoja. Sasa sema."

Basi Mlishaji akakaa chini sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika, akasema. Alisema lini, na kwamba ilikuwa ghafla, na kwamba mwanawe alikwenda kuzika. Mama mkwe alisikiliza akitazama chungu kitupu.

"Alizikwa na nguo gani?"

"Sijui, Mama."

"Nani alimfumba macho?"

"Sijui. Nisamehe."

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua," mama mkwe alisema polepole. "Nyie mmewashinda. Nyie mmeficha kilio chenyewe. Watu wamekuja, wamekaa, wameondoka, wameuliza, dada yake mkubwa yuko wapi? Wakajibiwa nini?"

Jioni ile presha ilipanda. Mlishaji alimkimbiza kliniki, wakamlaza chini ya uangalizi, na yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki akijilaumu na kumlaumu mumewe kwa zamu. Asubuhi ilikuwa imeshuka. Muuguzi alisema mgonjwa alilia sana, kisha akala vizuri, tena akaulalamikia uji.

Mume alifika na vumbi la mgodi kwenye viatu. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kitu.

"Mama, nilitaka kukulinda."

"Keti," mama yake alisema. "Ulinilinda na nini? Presha ni yangu na mdogo wangu ni wangu. Ungeniambia, ningeanguka au nisianguke. Lakini ningekuwa nimeanguka kwa ajili ya ndugu yangu. Wewe umeniacha nikimnunia maiti. Miezi hii yote nilikuwa nasema, huyu ananidharau, hata simu hapigi! Nimemkasirikia mtu aliyeko kaburini, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma."

Mume akavuta kiti karibu. Akaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mama akamwekea mkono wa kushoto kisogoni, ukakaa hapo, mzito.

"Tutakwenda kaburini," akasema baadaye. "Wewe utanipeleka. Omba ruhusa kazini, na usiwadanganye sababu."

Mama na mwanawe walipokuwa safarini, Mlishaji na daktari wa wanyama walipakia vile vipweza kwenye ndoo, wakachukua boti ya jumba. Karibu na gati maji yalikuwa yamefunikwa na mifuko, vifuniko na povu la mafuta, wakapita bila kusimama. Walikwenda mpaka mahali ambapo waliweza kuona kasia zima likiwa limezama, wakainamisha ndoo taratibu. Kwa muda mfupi maji yalikuwa na madoadoa. Halafu yakawa maji tu. Daktari alisema wengi wataliwa kabla ya kutua chini, na ndivyo bahari inavyofanya kazi, ila binadamu wasiwaongezee makopo.

Mama mkwe alirudi amekonda kidogo na amechoka kwa njia, lakini akiwa na habari nyingi. Jirani ndiye aliyemfumba macho mdogo wake. Alizikwa vizuri. Mti uliokuwa umeinamia kaburi aliagiza ukatwe matawi. Watu walimjia upya kumpa pole, akakaa nao matanga yake mwenyewe, na hakuna aliyemzuia kulia. Aliyasimulia hayo yote mezani, mumewe Mlishaji akimenya viazi na kurekebisha alipokosea, naye akirekebishwa kwa ukali kama zamani.

Alipomaliza alimgeukia Mlishaji.

"Na watoto wa Bibie?"

"Tumewapeleka baharini, Mama."

"Wamebaki hai wangapi?"

Mlishaji alifungua mdomo. Lilikuwapo jibu tamu, jepesi, lililokuwa tayari ulimini.

"Hatujui," akasema. "Huenda wachache sana. Huenda hakuna."

Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, akavuta bakuli la viazi karibu yake, akakishika kimoja kwa mkono wa kushoto ili wa kulia upate kumenya.