Ishirini na Tano kwa Mia

"Kumi na nane kwa mia haitoshi," alisema mkuu wa hesabu, akigonga karatasi kwa kalamu. "Niletee ishirini na tano."

Mhasibu aliitazama tarakimu aliyoihangaikia wiki tatu. Katika shirika lile la ndege, kazi yake ilikuwa kukadiria usahaulifu wa watu. Kila abiria alipewa maili za zawadi, na kila maili ilikuwa deni, maana siku moja mwenyewe angekuja kudai kiti. Kwa hiyo kipande cha nauli yake kiliwekwa kando, kisiitwe mapato mpaka adai. Lakini wapo wasiodai. Wanaugua, wanahama, wanakufa. Hao ndio waliokuwa kumi na nane katika kila mia, na cha kwao kiligeuka faida bila ndege kuwasha injini.

"Watu wanazitumia, bosi. Siwezi kuwasahaulisha."

"Unaweza." Wafanyakazi walimwita mkuu huyo Mkasi kwa jinsi alivyopenda kukata. "Sasa hivi maili zinakufa usiposafiri miaka mitatu. Fanya miwili, kuanzia mwezi wa tano. Na mpaka tutangaze, neno hili lisitoke humu." Kisha, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Kiti cha naibu wangu bado kiko wazi."

Mhasibu alikokotoa upya. Ikatoka ishirini na tano na ushee. Akatia sahihi.

Katikati ya mwezi wa nne dada yake alipiga simu. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamsomesha kwa biashara ya vitambaa, akipanda ndege huku na huku miaka kumi na moja, mpaka nyonga ilipomlaza.

"Mdogo wangu, daktari kaniruhusu. Mwezi wa sita nakwenda kumwona mjukuu. Maili zangu zinatosha kunipeleka na kunirudisha, na chenji ibaki."

Mhasibu alijua tarehe ya safari ya mwisho ya dada yake. Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi kadhaa. Maneno matatu tu yangetosha: kata tiketi leo. Yalimfika kooni. Akaiona sahihi yake, akakiona kile kiti.

"Vizuri, dada," alisema. "Msalimie mtoto."

Tangazo lilitoka siku tatu kabla ya mwezi kuisha, chini kabisa ya ukurasa wa mtandao, kwa herufi za kumwumiza mtu macho. Wiki ya pili ya mwezi wa tano, mhasibu akapewa unaibu.

Jumapili iliyofuata dada alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, nyumbani kwa mhasibu, akakaa, akapumua kwanza.

"Nimetoka kaunta yenu. Binti ameangalia kompyuta, akaniambia sina hata maili moja. Nikamwambia angalia vizuri, mwanangu. Akaangalia. Wewe uko ndani, niulizie."

"Ni utaratibu mpya, dada. Umeanza mwezi huu."

"Nani anakaa akatunga utaratibu wa namna hiyo?"

Mhasibu alimmiminia chai ambayo hakuiomba. Akamimina mpaka chai ikajaa kisahani. Dada aliutazama mkono wake, uleule aliouongoza kushika penseli.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mimi nilikupigia wa nne."

"Ndiyo, dada."

Dada hakupaza sauti. Alikisukuma kikombe pembeni, taratibu, kisimwagike zaidi.

"Nitakukatia tiketi," mhasibu aliharakisha. "Kesho hiyohiyo. Daraja la mbele, ulale njia nzima."

"Sitaki nauli yako. Mimi nilikuwa na yangu."

Akajiinua kwa kushika ukingo wa meza, akatoka. Mhasibu alimfuata peku. Ngazi zilikuwa nyembamba. Dada alishuka kiubavu, mguu mmoja, kisha wa pili kuufuata, akingoja kidogo kila kidato. Mhasibu akanyoosha mkono amshike kiwiko cha kushoto. Bila kugeuka, dada akautoa mkoba bega la kulia, akauhamishia la kushoto, upande ule ule mkono wa mdogo wake ulikotokea, akaendelea kushuka.