Herufi Moja Kizuizini

Gari la wagonjwa kutoka kambi ya wakimbizi liliingia hospitalini saa sita mchana. Kabla halijasimama sawasawa, Hamdani, dereva wake, alikuwa ameshateremka kufungua mlango wa nyuma. Daktari Honorata alikuwa chumba cha dharura akimshona mvuvi wa Ujiji aliyechanwa mguu na injini ya boti. Alipoona rangi ya mtu aliyelala kwenye machela, alimwachia nesi sindano.

Mgonjwa aliitwa Armelle, mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mkimbizi kutoka Burundi. Alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari wa kambini alikuwa ameandika alfajiri ile kwamba uchungu umekwama, kovu la zamani haliaminiki, apelekwe Kigoma upesi. Kando ya machela alikaa mama yake, Générose, ameushika mkono wa binti yake kwa mikono yake yote miwili.

Honorata aliweka kiganja tumboni. Mguu wa mtoto ulikuwa hapo chini ya ngozi kabisa, mahali ambapo haukupaswa kuwa. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Alitafuta mapigo ya mtoto, akatafuta tena upande wa pili, hakuyapata. Ya mama yalikuwa yanakimbia, mepesi kama uzi.

"Mmetoka huko saa ngapi?" aliuliza huku akitafuta mshipa wa kuwekea dripu.

"Saa kumi na moja alfajiri," Hamdani alijibu.

"Na mnafika saa hizi?"

"Kizuizini barabarani, daktari. Wametukalisha saa tatu nzima. Kibali kimeandikwa Armelle, kadi yake ya kambi imeandikwa Almelle. Wakasema ni watu wawili tofauti. Nikawaambia ni herufi moja tu, mwandishi wa kadi kasikia L badala ya R. Wakasema nisubiri mkubwa wao aje."

Générose alisema kwa Kirundi, taratibu, bila kumtazama mtu, "Tulipofika pale alikuwa anacheza. Nilimshika tumbo. Alikuwa bado anacheza."

Honorata alizaliwa Kalinzi na Kiha, kinachoelewana na Kirundi, ndicho alichonyonya, kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alilisikia neno lile likimshuka kifuani na kukaa. Aliagiza damu, akaambiwa ipo chupa moja. Hamdani alikunja mkono wa shati akatoa, na Générose naye akatoa. Kisha wakamsukuma Armelle mbio hadi chumba cha upasuaji, ambako Daktari Selestini, mganga mfawidhi, alikuwa ameshanawa mikono.

Mtoto alikuwa wa kike, kilo tatu na robo. Amekamilika kila kitu, hata kucha. Mfuko wa uzazi haukushoneka, ikabidi uondolewe. Armelle alipona.

Kesho yake asubuhi alizinduka vizuri, akageuza kichwa huku na huku. "Umwana ari hehe?" aliuliza. Mtoto yuko wapi?

Honorata alivuta kiti akamwambia, yote, kwa Kiha, pamoja na habari kwamba hatazaa tena. Armelle alisikiliza hadi mwisho, kisha akajifunika shuka usoni. Honorata akabaki pale na mikono yake mapajani.

Mchana Selestini alimwita ofisini. Faili lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa alioandika Honorata: *Mgonjwa alizuiliwa kizuizini kwa saa tatu kwa sababu ya tofauti ya herufi moja. Mtoto alikuwa hai alipofikishwa hapo.*

"Hapa uandike tu kwamba mgonjwa alichelewa kufika," Selestini alisema.

"Hakuchelewa. Alicheleweshwa."

"Honorata, najua una haki. Lakini karatasi hii itasomwa. Ukiwaaibisha wale, kesho watadai kibali cha dereva, keshokutwa cha nesi. Tutapoteza watano kwa ajili ya mmoja."

"Kwa hiyo huyu ndiye nauli ya hao watano?"

Selestini alivua miwani akaifuta kwa koti. Alikuwa amefanya kazi na wakimbizi tangu wimbi la miaka ya tisini, na uso wake ulionyesha. "Fikiria hadi kesho," alisema.

Honorata alipotoka alimkuta Générose ukutani anamngoja.

"Daktari, kuna neno nataka uniandikie," mama yule alisema. "Kambini watasema nilimficha mwanangu kwa wakunga wa mitishamba, kwamba ndiyo maana. Wameshasema hivyo kwa wengine. Mume wake ataamini. Niandikie kwamba mimi sikuchelewa."

Honorata alirudi ofisini bila kubisha hodi. "Ukurasa unabaki kama ulivyo," alisema, akachukua faili lake.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipanda na Hamdani gari likirudi kambini, akateremka kizuizini. Mkubwa wa pale aliitwa Feliksi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, adabu tele.

"Shikamoo, daktari."

Honorata hakuitikia. Askari wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi walitazama chini, maana shikamoo isiyoitikiwa ni kofi.

"Jumatatu ulimzuia mwanamke mjamzito hapa," alisema. "Ulimwangalia?"

"Niliangalia karatasi. Kazi yangu ni karatasi. Agizo linasema jina lifanane."

"Nimekuuliza kama ulimwangalia yeye."

"Nilifika saa tatu na nusu. Vijana walikuwa wananisubiri. Nilipofungua mlango na kumwona, niliachia gari papo hapo."

"Kwa hiyo macho yako yalitosha. Herufi ilikuwa ile ile, na bado ukaruhusu."

"Wangeruhusu vijana, wangeandikiwa barua ya kujieleza."

"Barua," Honorata alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, imekauka. "Mimi nimemfunga mtoto kwenye kitenge cha bibi yake, kilo tatu na robo, kwa sababu watu wazima watatu waliogopa barua. Nataka uandike hayo uliyoniambia, utie sahihi."

Feliksi alitazama kalamu aliyonyooshewa. Hakuipokea. Alitia mkono mfukoni, akageuka, akaingia kibandani. Honorata alisimama juani hadi lori la mahindi lilipompa nafasi ya kurudi mjini, na njia nzima meno yalimuuma kwa kuyakaza.

Usiku ule aliandika ripoti ya kurasa mbili na asubuhi akaipeleka ofisi ya mkoa kwa mkono wake, akimruka Selestini. Nakala moja aliigonga muhuri akampa Générose, siku Armelle aliporuhusiwa kutoka. Mama yule aliiingiza kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akauweka ndani ya blauzi. "Urakoze," alishukuru. Armelle alitembea hadi kwenye gari akiwa ameinama, ameshikilia mshono, hakuaga mtu.

Mwezi mmoja baada ya upasuaji agizo jipya lilibandikwa kwenye kila kizuizi: gari la wagonjwa lipite kwanza, karatasi zikaguliwe hospitalini. Wiki hiyo hiyo Honorata alipokea barua ya onyo kwa kukiuka ngazi za mawasiliano. Selestini ndiye aliyemletea, na sahihi iliyokuwa chini ya barua ilikuwa yake mwenyewe.

"Nililazimika," alisema. "Lakini agizo limetoka. Nilidhani utafurahi."

Honorata alitia sahihi ya kupokea, akamrudishia kalamu.

"Angekuwa na mwezi mmoja na siku tatu leo," alisema. "Angekuwa ameanza kucheka."

Nje bodaboda ilikuwa inaingia kwa kasi kutoka Gungu na mtu aliyelegea katikati ya wawili, na Honorata alikuwa ameshafika mlangoni.