Sindano za Upande wa Kushoto

Kila alipoingia wodini, vicheko vilikatika. Aliyekuwa ameegemea kitanda alisimama wima, droo iliyokuwa wazi ilisukumwa kwa nyonga ikafungwa, na yule aliyekuwa akisimulia mkasa wa harusi ya jirani yake alikumbuka ghafla kwamba ana shuka la kutandika. Wauguzi walimwita Mama Hatari. Mlango wa ofisi yake uliandikwa "Usalama wa Wagonjwa na Udhibiti wa Hatari", na katika maneno yote hayo wao walichagua lile lililowachekesha. Jina alilijua, wala hakulichukia. Kilichomuuma ni zile droo.

Alikuwa muuguzi kama wao kwa miaka mingi, kabla magoti hayajamgomea akahamishiwa ofisini. Kazi aliyopewa huko ilikuwa ya ajabu kidogo: kuwashawishi watu waseme makosa yao kabla makosa hayajaua. Dawa iliyokaribia kupewa mgonjwa asiye wake, kitanda kisicho na kizuizi, chupa ya damu yenye jina silo. Alizunguka wodi hadi wodi na wimbo wake ule ule. "Semeni, wanangu. Anayesema haadhibiwi. Mimi natafuta kosa lilipoingilia, simtafuti mchawi." Wengine walimsikiliza kwa adabu, wengine walipiga miayo nyuma ya barakoa. Lakini wachache walianza kuja, mmoja mmoja, wakichungulia kwanza kama ukumbini hamna mtu. Hao aliwaonea fahari kuliko vyeti vyote alivyowahi kupata.

Asubuhi ile aliyekuja alikuwa binti wa wodi ya wanawake, muuguzi mgeni kazini, ambaye wenzake walimwita Kimya kwa sababu aliweza kumaliza zamu nzima bila kutoa neno lisilohusu dawa. Alifunga mlango nyuma yake na kubaki amekishika kitasa.

"Dada," alisema, "yule mama wa kitanda cha dirishani. Ni mimi."

Mama Hatari alimfahamu mama huyo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo akatoka salama, akawa anawatania madaktari kwamba wamemshona vibaya kuliko mumewe ambaye ni fundi cherehani. Asubuhi hii ndiyo alitarajiwa kwenda nyumbani. Lakini alfajiri ya jana moyo wake ulisimama. Daktari aliandika hivyo, moyo, na mumewe akaambiwa hivyo, naye akashukuru kwa huduma.

"Kaa kwanza," alisema Mama Hatari.

Kimya hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama, macho yake kwenye magoti ya mwenzake, na hakutia chumvi wala hakupunguza.

Katika wodi ile, kama katika wodi zote ambazo Mama Hatari aliwahi kufanya kazi, anayemaliza zamu huwaandalia wanaoingia sindano za kwanza. Hakuna kanuni iliyoagiza jambo hilo; kwa hakika kanuni ililikataza. Ulikuwa wema tu, wa watu wanaojua jinsi saa ya kwanza ya zamu inavyomchanganya mtu. Mabomba ya sindano yaliyokwisha kujazwa yalipangwa katika sinia la chuma juu ya toroli. Kushoto yale ya maji ya chumvi, ya kusafishia mrija ulio mkononi mwa mgonjwa. Kulia yale ya dawa. Hakuna aliyebandika lebo, maana ni nani asiyejua kushoto kwake?

Jana mtu alikuwa ameacha mtungi wa oksijeni mbele ya toroli, mahali pale pale wanaposimama siku zote. Msimamizi wa wodi, aliyekuwa akimaliza zamu, alikuwa amechoka na mtungi ni mzito. Akazunguka, akasimama ng'ambo ya toroli, mgongo wake ukiwa dirishani, akapanga sindano kama mikono yake ilivyozoea. Baadaye mhudumu akauburuta mtungi kando. Kimya akaingia zamu, akasimama mahali pa siku zote, akachukua sindano ya kushoto.

Ndani yake mlikuwa na potasiamu, dawa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchanganywa kwenye chupa ya dripu iingie tone kwa tone. Ikisukumwa mara moja mshipani, moyo husimama.

"Uliyajuaje yote haya?" Mama Hatari aliuliza.

"Alikuwa anazungumza nami. Akanyamaza katikati ya neno. Tulipomaliza kuhangaika naye, nikalitazama lile sinia. Nikamfuata msimamizi chumba cha kubadilishia nguo. Nikamwuliza, dada, leo ulisimama upande gani? Akakaa chini. Pale pale sakafuni, na kiatu kimoja mguuni."

"Akasemaje?"

"Akasema ninyamaze. Daktari ameshaandika moyo."

Nje kitanda cha magurudumu kilipita kikikwaruza ukuta. Mama Hatari alisubiri kipite. Aliona huruma, aliona hofu, na chini ya vyote hivyo, jambo lililomtia aibu, aliona furaha kidogo kwamba maneno yake yalikuwa yamemfikia mtu.

"Na kwa nini hukunyamaza?"

Kimya alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Si ulisema tuseme?"

*

Mkurugenzi wa hospitali hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Aliwaita, wakaketi wanne mezani kwake: Mama Hatari, msimamizi, Kimya, na yeye mwenyewe kichwani mwa meza. Alimsikiliza Kimya hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamgeukia msimamizi.

"Katika wodi yako mnaandaa sindano mapema?"

Msimamizi alikuwa shoga wa Mama Hatari, rafiki yake wa chanda na pete, tangu chuoni. Walilala kitanda kimoja mwaka ambao bweni lilijaa, walifundishana kuchoma sindano kwenye machungwa, na siku Mama Hatari alipomzika mumewe ni mkono wa msimamizi uliomshika asianguke. Alikuwa karibu kustaafu. Alivaa sare iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Hapana," alisema msimamizi. "Wodi yangu inafuata kanuni. Binti aliandaa mwenyewe, na alichanganya mwenyewe. Bado mdogo, anajifunza."

Kimya aligeuka kumtazama, kisha akamtazama Mama Hatari. Hakukuwa na kitu cha kusihi katika macho yake. Alikuwa anangoja tu, jinsi mtu anavyongoja zamu yake ifike.

"Wodi zote huandaa," Mama Hatari alisema. "Kila mtu humu anajua."

"Sawa," alisema Mkurugenzi taratibu. "Basi niwafukuze wote?"

"Usimfukuze hata mmoja. Tubadilishe utaratibu. Tukimwadhibu aliyesema..."

"Mama, mtu amekufa. Jambo hili likitoka nje bila mtu kuwajibika, kesho kina mama wataogopa kuja hapa. Watazalia nyumbani, na wengine watafia huko. Hilo umelipima?" Alivua saa yake akaiweka mezani. "Nakuuliza mara moja tu. Unajua nani aliandaa sindano ile? Unajua, si kuambiwa."

Alijua. Alijua kama anavyoijua sauti ya miguu ya shoga yake ukumbini. Lakini hakuwepo, hakuona, na kando yake aliusikia mkono wa msimamizi ukishika ukingo wa kiti. Aliutazama mkono ule. Akakumbuka kaburi la mumewe, na akajiambia kwamba haki huhitaji ushahidi, na kwamba binti ni kijana, atapata kazi mahali pengine. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

"Sikuwepo," alisema.

Kimya alimwaga unga siku ile ile. Mama Hatari alimsindikiza hadi getini. Alitegemea kulaumiwa; alikuwa hata amejiandaa kulia. Binti alihamisha mfuko wake kutoka bega hili hadi lile.

"Dada, waambie waondoe ule mtungi pale," alisema. "Wameurudisha." Kisha akavuka barabara.

*

Baada ya hapo hakuja mtu tena ofisini. Wiki zilipita, ukumbi ukawa mweupe. Mama Hatari alizunguka na wimbo wake, na alipofika kwenye "anayesema haadhibiwi" wauguzi waliinamisha vichwa, wasije wakamwaibisha kwa kumtazama. Aliomba lebo za kubandika kwenye sindano, akazigawa mwenyewe kwa mikono yake. Walizipokea kwa heshima wakazitia kwenye droo. Hakuna aliyezitumia, kwa kuwa kubandika lebo kungekuwa kukiri kwamba sindano huandaliwa, na sindano, kama wote walivyokwisha kusikia, haziandaliwi.

Katika mkutano wa wakuu wa idara Mkurugenzi alisimama akaisifu ofisi yake. Hakuna tukio hata moja lililoripotiwa tangu lile. Watu walipiga makofi. Mama Hatari alisimama akainamisha kichwa kushukuru, na usiku wake wa kulala ukaishia hapo. Watu wa hospitali ile hawakuwa wameacha kukosea. Walikuwa wameacha kumwambia.

Mchana mmoja mhudumu alimletea mtu mlangoni: mwanamume mwembamba, mzee kiasi, mwenye futi ya kitambaa shingoni aliyosahau kuivua.

"Samahani, mama. Nimetumwa kwako. Mke wangu aliacha miwani yake hapa, wodi ya wanawake. Nilikuwa naahirisha tu kuja."

Miwani ilikuwa kwake. Vitu vilivyoachwa na marehemu hukabidhiwa ofisi yake, naye alikuwa ameihifadhi katika droo ya juu, ambayo siku hizi aliepuka kuifungua. Fundi aliipokea, akaigeuza huku na huku, akacheka kidogo.

"Bila hii alikuwa haoni hata mlango. Nilikuwa namwambia, siku ya posa hukuivaa, ndiyo maana ukanikubali." Aliifuta vioo kwa pindo la shati. "Haya. Ahsante. Mlijitahidi, na moyo ni moyo. Haumwulizi mtu."

Alikuwa amekwisha kugeuka. Ingetosha kumwambia kwaheri. Mama Hatari aliona jinsi maneno ya kweli kabisa, moyo ulisimama, yalivyokuwa yamefanya kazi ya uongo kwa muda wote huo ndani ya nyumba ya mtu huyu, mezani kwake, kwenye cherehani yake.

"Baba," alisema. "Kaa. Haukuwa moyo."

Alimweleza. Hakuficha sinia, wala mtungi, wala upande wa kushoto. Alipofika kwenye mkutano alisema pia, "Na mimi niliulizwa, nikanyamaza." Fundi alisikiliza huku akikunja na kukunjua futi yake. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yule binti mnyamavu? Aliyenisaidia kukunja nguo za marehemu?"

"Ndiye."

"Yuko wapi?"

"Alifukuzwa."

"Kwa kumwua mke wangu."

"Kwa kusema," alisema Mama Hatari. "Angenyamaza, angekuwa wodini sasa hivi."

Fundi aliinama, viwiko vikiwa magotini, akakaa hivyo. Alilia bila sauti, mabega tu. Mama Hatari hakumgusa, kwa kuwa hakujiona na haki hiyo. Mwishowe mzee alijipangusa kwa kiganja.

"Nipeleke kwake."

"Baba, yule mtoto ameumia sana. Kama unataka kumgombeza, anza na mimi."

"Kumgombeza?" Alilirudia neno kana kwamba lilikuwa la lugha ngeni. "Nyumbani kila mtu ananiambia ni mapenzi ya Mungu. Ndugu, majirani, watoto wangu. Nimechoka nayo. Nataka kukaa na mtu mmoja anayejua ilivyokuwa. Basi, hata tusizungumze."

Mama Hatari alichukua mkoba wake. Alijua kwamba akitoka na mtu huyu mchana kweupe hatakuwa na ofisi ya kurudia, na alishangaa kuona hofu yake ni ndogo kuliko alivyodhani. Ngazi za kwenda nje zilikuwa kushoto. Lakini kabla ya Kimya kulikuwa na mtu mwingine aliyejua ilivyokuwa, aliye karibu zaidi; akaenda kulia, akamwongoza fundi kwenye ukumbi mrefu hadi wodi ya wanawake.

Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu. Vicheko vilikatika kama kawaida. Msimamizi alikuwa kwenye toroli, kichwa kimeinama, akijaza sindano na kuzilaza kwenye sinia. Mtungi wa oksijeni ulikuwa pale pale mbele ya toroli, naye alisimama ng'ambo yake, mgongo wake ukiwa dirishani. Katika sinia hamkuwa na lebo hata moja.

"Shoga," alisema Mama Hatari, kwa jina waliloitana chuoni na ambalo hakuwa amelitumia tangu siku ya mkutano. "Huyu ni mume wa mama wa kitanda cha dirishani. Nimemwambia."

Mgonjwa mmoja alikohoa, akajizuia. Msimamizi aliinua uso akamtazama fundi, akaitazama miwani iliyokuwa mfukoni mwa shati lake, kisha akaitazama sindano aliyokuwa ameishika, safi na angavu kama maji. Mkono wake ulikwenda upande mmoja wa sinia, ukarudi, ukaenda upande wa pili, ukabaki hewani.

"Ni ya upande gani hiyo, dada?" aliuliza fundi kwa upole.