Bibi Saumu Anasubiri Mumjibu

Bibi Saumu aligoma asubuhi ya Jumanne, moto ukiwa umeshakolea na kamera imeshasimama kwenye miguu yake mitatu. Alimenya viazi. Alikata karoti. Mjukuu wake Husna alipomwambia, "Haya Bibi, anza," akainama kupuliza moto ambao haukuwa na haja ya kupulizwa.

"Bibi."

"Nakusikia."

"Waambie leo tunapika nini."

"Wana macho. Wataona."

Husna akazima kamera. Huo ulikuwa mgomo wa kwanza wa Bibi Saumu tangu waanze kazi ile, na haikuwa kazi ya jana. Husna alirudi kutoka Tanga na stashahada yake ya uandishi wa habari, akazunguka na bahasha mpaka soli ya kiatu ikaachama, kisha akakaa Magamba kwa bibi yake akanunua kamera iliyokwishatumika. Bibi alipika na kusimulia. Husna alipiga picha, akaandika maneno, akapandisha mtandaoni. Wakauita ukurasa wao Jiko la Bibi Saumu.

Maneno ndiyo yaliyokuwa fahari ya Husna. Aliwahi kubishana mchana kutwa na mtu wa Nairobi asiyemjua juu ya tofauti ya kukaanga na kuunga, na aliyeomba amani hakuwa Husna. Watazamaji waliongezeka, na malipo ya mtandao yakaja. Yalibadilisha bati za jiko. Yalileta bomba la maji mpaka uani. Majirani waliokuwa wakiuliza "Huyu msomi anapiga picha masufuria?" wakaanza kuuliza kamera kama ile inauzwa wapi.

Halafu malipo yakaanza kushuka. Hakuna siku ambayo Husna angeweza kuinyooshea kidole. Mtandao ulianza kupenda video fupifupi, za kucheza na kupiga kelele. Wakaja na watu wenye sauti za mashine, wanaopika vyakula ambavyo hawajawahi kuvionja. Mwezi mmoja malipo yalitosha bando na sukari. Uliofuata yalitosha bando.

Husna akajiunga na mafunzo ya bure ya watengeneza video. Mwalimu, kijana mmoja wa Dar es Salaam mwenye miwani ya njano, alisema mambo mawili. La kwanza, andikeni vichwa vya video kwa Kiingereza. Husna alimjibu hapohapo, mbele ya wanafunzi wote, kwamba bibi yake hapiki kwa Kiingereza. La pili, kateni kila kisicho cha lazima. Mtazamaji asipokamatwa mwanzoni kabisa, ameondoka. Hili Husna alilikubali. Alirudi kwenye video zake akatafuta kisicho cha lazima, akakiona waziwazi. Salamu.

Bibi Saumu hakuwa mtu wa kusema "karibuni tena" akaingia kwenye vitunguu. Aliketi, akavuta kanga yake vizuri, akaitazama kamera kama anayetazama mgeni mlangoni. "Onga makeo," alisema kwa Kishambaa, kisha kwa Kiswahili, "Mmeamkaje, wajukuu zangu?" Akanyamaza. Alinyamaza kweli, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa sikio lake zima, muda wa kumtosha mtu aliye upande wa pili kusema shikamoo. Kisha akaitikia, "Marahaba." Akauliza habari za watoto, akanyamaza. Habari za kazi, akanyamaza. Huko kwenu mvua imenyesha? Akanyamaza, na mara nyingine akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama vile ameambiwa haijanyesha.

Kwanza Husna alijaribu kuvikata vile vimya tu. Ikawa bibi anaitikia marahaba kabla hajaamkiwa, kama mtu anayedai heshima kwa nguvu. Basi akakata salamu zote. Video ikaanza na kisu kikiingia kwenye kitunguu.

Kwa wiki kadhaa Bibi hakujua, maana yeye hakuwa na desturi ya kujitazama. Alikuja kujua Jumapili, alipokwenda kumjulia hali jirani yake Rukia na kuonyeshwa video kwenye simu. Alirudi nyumbani amefunga midomo. Alisubiri mpaka Husna amalize kula ndipo akasema.

"Nimejiona kwa Rukia."

"Umependeza, eti?"

"Nimeingia nyumbani kwa watu, sikubisha hodi, sikusalimia, nikachutama nikaanza kumenya viazi. Kama mwizi wa viazi."

"Bibi, watu hawana muda siku hizi."

"Nani kasema?"

"Mtandao."

"Huyo mtandao ni mtoto wa nani?"

Husna akacheka. Bibi hakucheka.

"Nauliza kweli. Mwambie aje hapa, anisalimie kwanza, ndipo tuongee habari za muda."

Jumanne akagoma.

Alhamisi Husna alishuka mjini Lushoto, kwenye studio ya Abubakari karibu na soko. Abubakari alipiga picha za harusi tangu enzi za kanda, na kwa muda mrefu aliitamani kamera ya Husna bila kuficha.

"Dada Husna! Leo umeileta yenyewe au umeleta maringo yako tu?"

"Shikamoo kaka Abuu. Bado unaitaka?"

Abubakari aliacha kufuta lenzi. Alimtazama usoni, akasahau utani. "Marahaba. Unaiuza kweli?"

"Mjomba anatafuta mtu wa kukaa dukani Korogwe. Nimemwambia nitakwenda."

"Wewe? Ukauze sabuni? Mteja akikosea ngeli utamnyima chenji."

"Jumamosi nitaileta, na mkoba wake."

"Na Bibi Saumu atabaki na nani?"

Husna alijifanya anatazama picha za maharusi ukutani. Walikubaliana Jumamosi.

Nyumbani alisema habari ile haraka haraka, amesimama. Bibi Saumu alikuwa anachambua mbegu za maharage. Usiku huo alimpakulia Husna bada ya unga wa muhogo nyingi kuliko siku zote, akamsogezea bakuli la mboga mpaka likagusa mkono wake. Asubuhi Husna alikuta pea sita zimepangwa juu ya sanduku lake la nguo, zilizoiva vizuri, zisizo na doa. Bibi alikuwa ameanza kumfungia safari. Husna alikaa kitandani akala moja.

Ijumaa mchana alikaa kwenye ngazi ya jiko kuhamisha video zake kutoka kwenye kamera kabla haijaondoka. Kazi ilikwenda polepole. Ili kupitisha muda akafungua ukurasa na kusoma maoni ya watazamaji. Ilikuwa muda mrefu hajayasoma. Tangu malipo yaanze kushuka alikuwa akitazama tarakimu tu, kama mtu anayetazama mizani bila kutazama mzigo.

Wa kwanza aliandika: "Bibi anaumwa? Mbona siku hizi hatusalimii?"

Aliyeandika aliitwa Yusta, muuguzi wa Muheza. Chini yake alikuwa ameendelea: "Mimi humjibu nikiwa navaa sare za kazi. Mama yangu yuko Mtae, simu yake ni ya kitochi na mtandao wa kule unakuja ukitaka. Asubuhi hakuna mwingine wa kuniambia onga makeo. Tafadhali tuambieni kama Bibi ni mzima."

Mwingine, Kibwana, alikuwa dereva wa lori: "Nilikuwa namwamkia kwa sauti ndani ya gari mpaka utingo wangu akaniona nimerukwa na akili. Sasa naye ameshazoea kumwamkia, halafu Bibi anaanza na vitunguu. Tumemkosea nini?"

Yalikuwapo mengine, ya wiki nzima, ya mwezi mzima. Watu walikuwa wakiuliza na hakuna aliyewajibu.

"Bibi," Husna aliita. "Sikiliza."

Akamsomea. Mikono ya Bibi Saumu ilisimama ndani ya ungo. Husna alipofika kwa dereva na utingo wake, Bibi alitoa kicheko kifupi, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe walikuwa wanakujibu," Husna alisema.

"Wewe ndiye hukujua. Unadhani nilikuwa nanyamaza nikikiangalia hicho kidude?" Bibi alisimama, akakung'uta maganda, akaingia ndani. Alitoka na kanga mpya. "Kisimamishe."

"Bibi, kesho kinakwenda kwa Abubakari."

"Kesho ni kesho. Mtoto wa watu ameuliza kama naumwa. Nimwache na hofu?"

Husna akasimamisha kamera. Mwanga ulikuwa mbaya, ukungu umeshaanza kuteremka kutoka msituni, na jiko halikuwa na moto wala sufuria. Alibonyeza tu.

"Mmeshindaje, wajukuu zangu?" alisema Bibi Saumu. "Yusta wa Muheza, mimi siumwi. Ni hilo sikio tu, na hilo tunaishi nalo. Hujambo, mwanangu?"

Akanyamaza, kichwa amekiinamisha.

"Na wewe Kibwana, na huyo kijana wako. Hamjambo huko barabarani?"

Akanyamaza tena. Katika kimya kile Husna, amesimama nyuma ya kamera, alisikia kuku akiparura nyuma ya jiko na maji yakidondoka kwenye bomba lao. Akajiuliza ni lini mara ya mwisho alimwamkia bibi yake akasubiri kuitikiwa. Kila asubuhi alisema shikamoo, ndiyo. Aliisema huku akifungua miguu ya kamera, huku anapima mwanga, akaiacha hapo njiani, na Bibi alipoitikia yeye alikuwa ameshafika kwenye "Bibi, sogea kushoto kidogo." Alizikata hata salamu za nyumbani, ambazo hakuna mtandao uliomwomba azikate.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Akanyamaza.

Bibi Saumu aliacha kuitazama kamera. Aliinua macho juu yake, akamtazama Husna.

"Marahaba, mama," alisema. "Hiyo nimeisubiri."

Video ile Husna aliipandisha kama ilivyo, na sauti yake imo. Haikufanya miujiza. Mtandao uliionyesha kwa wachache kuliko kawaida, na malipo yake yasingenunua fungu la mchicha. Lakini karibu kila aliyeiona aliandika neno lile lile, shikamoo, moja chini ya jingine, mpaka Husna akachoka kushusha kidole.

Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka, simu iliita. Alikuwa Yusta, namba ameitoa kwenye ukurasa.

"Dada, nina ombi, na usione haya kukataa. Mnaweza kufika Mtae? Mkamsalimie mama, mumpige picha akiongea, mniletee. Likizo yangu bado mbali. Nauli yenu na ujira wa kazi nitalipa mimi, sitaki bure. Na hapa wodini tuko Washambaa wengine wenye wazazi wao juu huko, wameshaanza kuniuliza."

Husna alishuka mjini na mkoba begani. Abubakari alikuwa ameshasafisha rafu ya kuiwekea kamera.

"Siiuzi," alisema Husna.

"Nilijua! Jana usiku nimemwamkia bibi yako nikiwa na mswaki mdomoni." Abubakari alikunja kitambaa chake polepole. "Sasa utakula nini? Shikamoo?"

"Una harusi ngapi kila Jumamosi?"

"Nyingi kuliko miguu yangu."

"Basi mimi na kamera tutakuwa nawe Jumamosi. Siku nyingine tuna kazi ya kupeleka salamu. Ila harusi nitakazopiga mimi, wazee hawakatwi wakiwa wanaongea."

"Dada Husna! Umewasikia wazee wa Mlalo wakitoa nasaha? Bi harusi atazaa hapohapo!"

"Atazaa aliyeusiwa vizuri."

Kwa mjomba wa Korogwe alipiga simu mwenyewe, akaomba radhi, na akasemwa kidogo kama ilivyostahili.

Jumatano yeye na Bibi Saumu walikwenda Mtae. Barabara iliwatikisa mpaka Bibi akadai kwamba hata sikio lake bovu limezibuka. Mama Yusta aliwapokea kwenye kijumba cha ukingoni, ambako ardhi inaishia ghafla na nyika ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Wale wazee wawili hawakuwahi kuonana. Walisalimiana mpaka chai ikapoa, wakaulizana habari za watu waliokufa zamani, na Husna akakaa kwenye kigoda akasubiri. Hakuigusa kamera mpaka walipomgeukia wenyewe.

"Sasa nimwangalie nani?" aliuliza Mama Yusta, amekaa wima kwenye kiti chake.

"Hapo, kwenye kioo cheusi," alisema Bibi Saumu. "Yumo humo humo. Msalimie, umpe nafasi."

Mama Yusta alisogea mbele. "Yusta," alisema. "Hujambo, mwanangu?"

Kisha akanyamaza. Upepo ulipandisha vumbi la ukingoni, ukapita. Macho yake hayakutoka kwenye kioo. Kimya kilirefuka, kikapita hata vile vya Bibi Saumu, na mkono wa Husna ukainuka kwa mazoea kwenda kwenye kitufe. Bibi Saumu akaushika.

"Mwache," alinong'ona. "Anajibiwa."

Husna aliushusha mkono. Kamera iliendelea kurekodi mpaka uso wa Mama Yusta ulipolegea, akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mama yangu."