Mvua Ilipowakuta Darajani

Kazini walimwita Darubini, na jina lenyewe likamkaa. Ofisi ya mipango miji ilikuwa imemtuma aangalie jinsi watu wanavyolitumia daraja jipya la waenda kwa miguu, lile lililoezekwa bati, linalovuka barabara kuu kutoka kituo cha treni hadi sokoni. Alitakiwa aone wanasimama wapi kuongea, nani anampisha nani, na kwa nini wengine bado wanahatarisha roho zao chini, katikati ya magari. Asijichanganye nao tu, maana mtu akijua anatazamwa hubadili mwendo.

Shangazi yake, dada wa baba yake, alikuwa na chumba cha kushonea ghorofani upande wa sokoni, na dirisha lake lilitazamana na ngazi za daraja. Ndipo Darubini alipoweka kiti chake.

"Mimi nikichungulia watu naitwa mmbea," shangazi alisema huku akikanyaga cherehani. "Wewe unaitwa mtaalamu."

Alasiri ile mvua ilishuka ghafla. Waliokuwa wakitoka kwenye treni walikimbilia darajani, kila mmoja akitafuta bati juu ya kichwa chake. Mwanzoni Darubini alifurahi kuwaona wakicheka na kukung'uta nguo. Lakini waliotangulia, walipofika mwisho wa ngazi upande wa sokoni, walisimama. Hakuna aliyetaka kulowa. Treni nyingine ikaingia, na daraja likazidi kujaa kwa nyuma.

Siku zote vichwa vya watu pale juu vilienda kila kimoja na safari yake. Sasa viliyumba vyote pamoja, mara kushoto, mara kulia, kama maji kwenye beseni lililobebwa vibaya. Na hapakuwa na kelele za watu. Hilo ndilo lililomtisha.

"Shangazi, hebu njoo."

Shangazi alikuja na pini mdomoni, akazitoa. "Si wanajikinga mvua?"

"Angalia pale katikati. Kwa nini wameinua mikono?"

Shangazi aliinama dirishani kutazama.

Darubini alimpigia simu msimamizi wake, akamweleza. Msimamizi akauliza: "Una uhakika?"

"Sina. Kutoka huku naona kama wanabanana, lakini naweza kukosea."

"Basi shuka. Ukikosea tutachekwa wote wawili. Mimi nawapigia zimamoto."

Kwenye ngazi za nyumba Darubini alimshika shangazi mkono. "Wewe watoe hawa wa upande huu, wapate nafasi wa nyuma. Mimi nakwenda kuwazuia wanaoingia kule. Ila usiwaambie kuna hatari, watasukumana."

"Sasa nitawaambia nini?"

"Chochote, shangazi."

Alivuka barabara kwa chini, mkono mmoja juu, magari yakimpigia honi na kumrushia maji. Upande wa kituo watu walikuwa bado wanapanda. Alijipenyeza mpaka ngazi ya kwanza, akageuka na kutanua mikono.

"Mbele hapapitiki. Naomba msubiri kidogo."

"Dada, tupishe," alisema mpagazi mmoja aliyebeba furushi kubwa begani. "Nilowe na mzigo wa watu kwa ajili yako?"

Nyuma yake walianza kusonya. Mtu akamsukuma Darubini, kiwiko chake kikagonga chuma cha ukingo wa ngazi. Aliona kabisa kwamba hatawaweza. Akamsogelea mpagazi sikioni. "Kaka, huko juu watu hawapumui. Nikisema kwa sauti watakanyagana. Nisaidie kuziba hapa."

Mpagazi alimtazama, kisha akatazama juu. Akalishusha furushi, akalilaza ngazini na kulikalia. "Mgongo umenikamata," aliwatangazia waliokuwa nyuma. "Siwezi kuinuka."

Wakamtukana yeye na ukoo wake. Darubini alisimama kando yake akiwa amekamata vyuma vya pande zote mbili, kiwiko kikiwaka moto, na kila aliyejaribu kupenya alimrudishia neno lile lile: mbele hapapitiki.

Ndipo alipogeuza shingo na kuona kitoto kichanga kimeinuliwa juu ya vichwa. Kilipitishwa mkono kwa mkono kuelekea upande wa sokoni, mdomo umeachama, kilio kimemezwa na kishindo cha mvua batini. Kikafika mwisho wa daraja, akakipoteza. Alitaka kukimbia huko. Hakuthubutu kuviachia vyuma.

Alisubiri, asijue kama upande wa pili kuna lolote linalofanyika. Kisha wa mwisho kule juu akapiga hatua mbele. Mwingine akafuata.

Kumbe shangazi alikuwa amesimama chini ya ngazi zile akiwaita watu kwa sauti ya harusini: "Karibuni kwangu, kumekauka, mkae mpaka mvua iishe!" Mmoja aliingia, wakafuata wengine, mpaka wakajaa chumbani, varandani, na kwenye ngazi za nyumba.

Zimamoto walipofika walimkuta mwanafunzi aliyevunjika mfupa wa bega na mzee aliyezirai. Wote wawili walipona.

Darubini alipopanda tena ghorofani alikikuta kichanga juu ya meza ya kukatia nguo, kimelazwa kwenye suti ya mteja. Shangazi alikuwa akikipepea.

"Mama yake yuko wapi?"

"Sijui. Kilinifikia hivi hivi, kimetoka kwa watu."

Walikaa wakisikiliza kila mguu uliopanda. Hatimaye aliingia mwanamke mwenye kiatu kimoja, blauzi imechanika begani. Alikichukua kitoto, akateremka ukutani mpaka sakafuni, akaanza kutetemeka. Shangazi aliwasogeza watu, akamfunika kwa kitambaa kilichokuwa bado hakijashonwa.

Mwanamke yule hakukubali mtu ampokee mtoto mpaka mumewe alipokuja kuwachukua, jioni, mvua imekatika. Daraja lilikuwa limefungwa kwa kamba. Chini, zimamoto waliyasimamisha magari, na watu wakavuka taratibu, kila mmoja akimwachia nafasi aliyekuwa mbele yake.